Kitenzi Ndicho Kinachosema: Kuzitambua Tamathali za Semi katika Kiingereza

Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi, Upanga, Dar es Salaam

Walimu wenzangu, na wazazi wetu mlioitoa Jumamosi yenu kwa ajili ya vijana hawa, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Tarehe 22 Oktoba 1959, hapa hapa Dar es Salaam, Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Kutunga Sheria akazungumza kwa Kiingereza. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Akasema kwamba sisi watu wa Tanganyika tungependa "to light a candle and put it on the top of Mount Kilimanjaro", tuwashe mshumaa tuuweke juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini palipokuwa na kukata tamaa, upendo palipokuwa na chuki, na heshima pale ambapo mwanzo palikuwa na kudhalilishwa tu.

Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895. Kileleni kuna barafu na upepo, na mshumaa haukai hapo hata dakika moja. Aliyemsikiliza Mwalimu alilijua hilo bila kuambiwa. Na kwa kuwa alijua kwamba jambo hilo haliwezekani, sikio lake liliuacha mshumaa likaenda moja kwa moja kwenye tumaini. Kazi yote ya kutambua tamathali za semi imo katika hatua hiyo moja: msikilizaji anagundua kwamba maneno hayawezi kuchukuliwa yalivyo, kisha anatafuta yanakoelekea.

Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge wa kweli pamoja na bendera mpaka kileleni. Watoto wanaoushangilia Mwenge wa Uhuru ukipita mtaani kwao wanaushangilia moto ambao ulikuwa maneno kabla haujawa moto. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mtu atakapowaambia kwamba tamathali ni mapambo ya washairi.

Sasa tuingie darasani. Mwanafunzi wetu akifika kidato cha nne anaweza kukutajia tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha, tafsida na kejeli, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na maana zake neno kwa neno kama zilivyo daftarini. Mpe ukurasa wa gazeti la Kiingereza azitafute, anakwama. Sisemi ni mvivu. Nasema sisi walimu tumemzoesha kutafuta alama, na alama peke yake haitoshi.

Alama mashuhuri kuliko zote ni maneno mawili, "like" na "as". Tumewaambia: ukiyaona hayo, andika tashbihi, kama ambavyo kwa Kiswahili ukiona "mithili ya" au "mfano wa" unaandika tashbihi. Mimi huwa naandika ubaoni sentensi nne. Ya kwanza, "Asha likes mangoes." Ya pili, "Asha looks like her mother." Ya tatu, "Asha works as a nurse." Ya nne, "Asha moves through the market like water." Darasa zima linanyoosha mikono, na wengi wanasema zote nne ni tashbihi.

Twende polepole. Katika ya kwanza, "like" ni kitenzi cha kupenda. Asha anapenda maembe, basi. Ya pili inalinganisha kweli, lakini inalinganisha mtu na mtu. Unaweza kumsimamisha Asha karibu na mama yake ukaona pua ni ile ile na paji la uso ni lile lile, na sentensi ikabaki kuwa taarifa ya kawaida. Ya tatu inakuambia kazi yake tu, kwamba ni muuguzi. Ya nne ndiyo yenyewe. Asha si maji, na maji hayaendi sokoni. Lakini aliyewahi kupita Kariakoo saa kumi jioni zikiwa zimebaki siku mbili Idi ifike anajua mara moja kinachosemwa: huyu mtu anapita penye upenyo, hamgongi mwenye mzigo, hasimami, haombi njia. Vitu viwili vya jamii mbili tofauti kabisa vimekutanishwa kwa sifa moja. Mwanafunzi akiitaja sifa hiyo, ameipata tashbihi. Asipoitaja, hana kitu, hata kama "like" ameipigia mstari mara tatu.

Tena zipo tashbihi zisizokuwa na maneno hayo mawili. "His voice resembled gravel under a tyre." Hakuna "like", hakuna "as", na bado sauti ya mtu imewekwa pamoja na kokoto zinazosagwa na gurudumu. Anayewinda alama ataipita bila kuiona.

Wazazi, hapa nawageukia ninyi, kwa sababu watoto hawa hawaanzi na mikono mitupu. Mwanamke akitoka na khanga yenye jina "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", jirani anayehusika hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Anajua mbuga ya wanyama haihusiki, anajua ni yeye anayesemwa, na anajua ni kwa jambo gani. Mtoto aliyekaa barazani akayashuhudia hayo ana sikio la tamathali tangu hajaanza darasa la kwanza. Akiingia katika somo la Kiingereza analiacha sikio hilo mlangoni, kwa sababu ameambiwa Kiingereza ni kanuni. Mimi nataka aingie nalo.

Basi tukiacha alama, tutafute nini? Ushauri wangu ni kuanza na kitenzi. Jina mara nyingi linakaa mahali pake kwa utulivu, na kitenzi ndicho kinachotoa siri. Chukueni habari za kawaida za biashara: "Prices climbed." "The bank has frozen the account." "Critics attacked the report." Majina yote hapo ni ya kweli kabisa: bei, benki, akaunti, ripoti. Sasa ulizeni kila kitenzi nyumbani kwake ni wapi. Kupanda ni kwa mwenye miguu. Kugandisha ni kwa maji. Kushambulia ni kwa askari. Kitenzi kimetoka kwao kikaja kufanya kazi ugenini, na hapo ndipo sitiari ilipo. Wala wenyewe Waingereza hawaisikii tena, kama sisi tusivyosikia mguu tunaposema mguu wa meza.

Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, George Lakoff na Mark Johnson, walilieleza jambo hili vizuri sana. Walionyesha kwamba sitiari za namna hii haziji moja moja. Zinakuja kwa ukoo. Mzungumzaji wa Kiingereza akizungumzia mabishano, anayazungumzia kama vita: anashambulia hoja, anatetea msimamo, anashinda au anashindwa. Akizungumzia muda, anauzungumzia kama fedha: "spend", "save", "waste", "invest". Ukiutambua ukoo, neno jipya likija unalijua ni mtoto wa nani. Ukisoma "he shot down my idea", huulizi bunduki ilitoka wapi, kwa kuwa ukoo wa vita umeshakutana nao. Napenda walimu wenzangu wafundishe hivi, ukoo kwa ukoo, kuliko kuwapa vijana orodha ya misemo hamsini ya kukariri.

Tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho hai matendo ya kiumbe hai, nayo inaingia kwa mlango huo huo wa kitenzi. "The sea swallowed the boat." Kumeza ni kwa mwenye koo. Sina haja ya kukaa hapo. Wenye ndugu wavuvi Kunduchi na Kigamboni mnazungumza hivyo kila siku.

Lipo jambo ambalo nataka tukae nalo zaidi, nalo ni hali ya hewa. Mwaka 1609 zilichapishwa soneti za William Shakespeare, na moja mashuhuri inaanza kwa swali: "Shall I compare thee to a summer's day?" Mshairi anamuuliza mpendwa wake kama amlinganishe na siku ya kiangazi. Msomeeni mtu wa Dar es Salaam mwezi wa Februari, umeme umekatika na feni imesimama, halafu mwangalieni usoni. Kiangazi kwetu ni jasho, ni vumbi, ni maji ya bomba yanayotoka ya moto. Nani anamsifu mpenzi wake kwa hayo?

Lakini sitiari ina kwao. London mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mwezi Juni hukaa angani hadi saa tatu usiku imepita. Mtu aliyevumilia miezi ya giza na baridi, siku ya kiangazi kwake ni zawadi, na ni fupi, na ndiyo maana shairi linaendelea kulalamika kwamba kiangazi hakidumu. Ukilijua hilo, mstari wote unafunguka. Usipolijua, unaweza kuandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba mshairi anamtukana mpenzi wake, na ukawa umefikiri vizuri kabisa, ila umefikiri kwa hali ya hewa ya hapa.

Na si soneti hiyo tu. Katika Kiingereza joto ni wema: "a warm welcome", "a warm-hearted woman". Baridi ni ubaya: "a cold reply". Sisi tunasema mambo poa, tunasema roho yangu imepoa, na mtu mwenye hasira tunamwambia apoe. Kivuli kwetu ni mahali pa kupumzika chini ya mwembe, na mzee mwenye kivuli ni mzee anayewahifadhi watu. Mwingereza akisema mtu anaishi "in the shadow of his father", anamwonea huruma. Mvua kwetu ni neema, na akinyimwa mkulima wa Dodoma, taifa zima linapata habari. Wao wanaweka akiba "for a rainy day", kwa ajili ya siku ya mvua, wakimaanisha siku ya shida. Mwanafunzi akisoma "a cloud hung over the meeting", asifurahi kwamba mvua inakuja kwenye mkutano. Kabla hajaamua kama picha ni ya sifa au ya lawama, aulize kwanza: hili ni jua la nani?

Sasa kuhusu kutia chumvi na kupunguza chumvi. Kutia chumvi, ambako ndiko mubalagha, hakutusumbui. Mwingereza akisema "I've told you a million times", anatukuta kituoni tukisema tumeisubiri daladala mwaka mzima. Tunaelewana. Taabu iko upande wa pili, pale Mwingereza anapolifanya kubwa liwe dogo.

Historia ya vita ya Korea ina mfano mmoja mchungu. Aprili 1951, kwenye mto Imjin, jeshi la China lilikizidi nguvu kikosi cha Waingereza. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie, Mwingereza, alipoulizwa hali na jenerali wa Marekani, alijibu kwamba mambo ni "a bit sticky". Kwa sikio la Kiingereza cha Uingereza, na kwa ofisa wa jeshi, maneno hayo yalikuwa na maana ya kwamba tunaangamia. Mmarekani aliyasikia yalivyo, kwamba kuna ugumu kidogo na wanamudu. Batalioni ya Gloucestershire ikazingirwa kilimani, na mamia ya askari wake wakachukuliwa mateka. Hao wawili wote Kiingereza kilikuwa lugha yao ya mama. Nawaelezeni hili ili mjue kwamba kutoitambua tamathali si kukosa maksi mbili tu.

Mfikirieni basi kijana wetu aliyeajiriwa Posta, anaandikiana na wateja wa Uingereza. Ametuma ripoti. Anajibiwa: "Not bad. I have one or two small concerns." Anafunga kompyuta na kwenda nyumbani akiwa na amani. Angesikia vizuri, "not bad" ingeweza kuwa sifa ya kweli kutoka kwa Mwingereza, wakati zile "small concerns" huenda ndizo zilizobeba barua nzima. Hapa hakuna neno la kupigia mstari. Unahitaji kumjua msemaji, na kujua kwamba watu wa kule huona haya kupaza sauti.

Hiyo inanileta kwenye kejeli, ambayo nayo haina alama. Mwalimu Nyerere alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare inayohusu kuuawa kwa Julius Caesar. Tafsiri ilitoka mwaka 1963, na aliyoirekebisha ikatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo yumo Antony, anayehutubia umati mbele ya maiti. Waliomuua Caesar wamempa ruhusa kwa sharti kwamba asiwalaumu. Basi hawalaumu. Anamtaja Brutus, mmoja wa wauaji hao, anasema "Brutus is an honourable man", Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza umati unakubali. Anaeleza jinsi Caesar alivyowalilia maskini, halafu anarudia: Brutus ni mtu wa heshima. Anaeleza jinsi Caesar alivyolikataa taji mara tatu, anarudia tena. Neno halijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni yale yaliyowekwa kandokando yake, mpaka "honourable" ikafika mahali ikawa na maana ya muuaji. Ukitaka kuitambua kejeli, usilitazame neno lenyewe; tazama limezungukwa na nini, na kama ushahidi unakubaliana nalo.

Kuna moja ambayo vitabu vingi vinaipita haraka, nayo ni metonimia. Mashabiki wa mpira mliomo humu mnaijua kuliko mnavyodhani. Tukisikia redioni kwamba Msimbazi wamesajili na Jangwani wamejibu, kila mtu wa mji huu anajua ni Simba na Yanga, na hakuna anayedhani mtaa umesaini mkataba. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo: "Downing Street denied the story", yaani ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza, iliyopo mtaa huo, imekanusha habari; na "the Crown", taji, kwa maana ya ufalme. Usichanganye hii na sitiari. Simba haifanani na mtaa wa Msimbazi kwa lolote; makao yake yapo hapo tu. Sitiari hutegemea kufanana, metonimia hutegemea ujirani. Mwaka 1839 mwandishi Edward Bulwer-Lytton aliandika kwamba "the pen is mightier than the sword". Kalamu hapo imesimama kwa maandishi, upanga umesimama kwa nguvu za kijeshi, kila kimoja kikimwakilisha anayekishika. Miaka yote wanafunzi wanaiita sitiari, na wanakosa.

Tukiwa bado uwanjani, nahau. Mwaka 2004 José Mourinho, akiifundisha Chelsea, alilalamika baada ya sare na Tottenham kwamba wapinzani wameleta basi wakaliacha mbele ya goli. Akaeleza kwamba kwao Ureno ndivyo wanavyosema. Kiingereza kikaichukua, na leo mtangazaji wa hapa anasema wamepaki basi, na bibi anayesikiliza redio jikoni anaelewa. Picha imetoka Ureno, ikapita Uingereza, ikashuka Dar es Salaam, na njiani kote hakuna aliyeona basi.

Nahau unaijua kwa ugumu wake. Badilisha neno moja, inakufa. Mzee aliyekula chumvi nyingi ameishi miaka mingi. Mzee aliyekula sukari nyingi mpelekeni akapimwe. Kiingereza ni hivyo hivyo. "He kicked the bucket" ni kwamba amefariki, japo kwa lugha ya mzaha ambayo huwezi kuitumia msibani. "He kicked a bucket" ni kwamba ameipiga teke ndoo. Tofauti ni kineno kimoja kidogo. Kwa hiyo ukikutana na kifungu ambacho maneno yake yote unayajua na jumla yake huielewi, jaribu kwanza kudhani kwamba ni nahau, kisha tafuta kwenye kamusi chini ya neno zito.

Tanakali za sauti sitazigusa. "Buzz" na "hiss" mnazisikia wenyewe, na lugha yenye pe, ti na chubwi haina cha kujifunza huko.

Wa kidato cha nne najua mnasubiri mtihani. Swali likisema taja tamathali iliyotumika, msiishie kwenye jina. Andika jina, kisha sema ni vitu gani viwili vimekutanishwa, kisha sema sifa inayoviunganisha, kisha sema mwandishi amepata nini ambacho asingekipata kwa maneno ya kawaida. Kwa mfano: "The bank has frozen the account." Ni sitiari. Fedha zimewekwa pamoja na maji. Sifa ni kutotiririka tena. Mwandishi amepata hisia kwamba fedha zipo, unaziona, na huwezi kuzichota. Mistari minne. Jina peke yake lingekuwa neno moja, na msahihishaji asingejua kama umeelewa au umebahatisha.

Kwenye meza ya nyuma kuna kurasa za magazeti ya Kiingereza. Kila wawili wachukue ukurasa mmoja na penseli moja. Wazazi pia, mkae na watoto wenu, hata kama Kiingereza chenu ni cha kuombea maji. Mtakuwa mkiwauliza wao. Kwa dakika ishirini za kwanza sitaki kusikia jina la tamathali yoyote. Zungushieni vitenzi, na kando ya kila kimoja andikeni kwa Kiswahili kwao ni wapi. Wenye ukurasa wa michezo watajaza karatasi upesi, kwa hiyo wapewe kurasa mbili.